Rotax 912 ULS kwenye Zenith CH 750: uzoefu wangu wa kuifunga

Kama unajenga ndege yako mwenyewe na bado unasitasita kuhusu injini ya Rotax 912 ULS, ushauri wangu ni uinunue. Mimi nimeifunga kwenye Zenith CH 750, ndege ya alumini iliyobuniwa na Chris Heintz, ambayo vifaa vyake huuzwa kutoka mji wa Mexico, jimbo la Missouri, hapa Marekani. Naiamini injini hii kila ninapopaa nayo. Lakini kuinunua ni jambo moja, kuifunga ni jambo jingine, na wauzaji huligusia hilo la pili juu juu mno.

Inakuja kutoka Gunskirchen, Austria, ikiwa imeshaunganishwa. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na ujazo wa sentimita za ujazo 1,352 tu, ila inatoa nguvu ya farasi 100 ikizunguka mara 5,800 kwa dakika. Injini ya Continental O-200 huhitaji zaidi ya lita 3 kufikia nguvu hizo, na ni nzito zaidi. Mzunguko huo ni mkali mno kwa propela, ndiyo maana kuna giaboksi ya kuupunguza kwa uwiano wa 2.43 kwa 1. Vichwa vya silinda hupozwa kwa maji, silinda zenyewe kwa hewa. Rejeta, kipoza oili, bomba la moshi na fremu ya kushikilia injini mara nyingi huuzwa kando, kwa hiyo tafuta seti iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege yako. Bei itakushtua, lakini utaepuka kuchomelea na kubuni vishikizo wewe mwenyewe.

Kuipachika injini kwenye fremu ni kazi ndogo. Shughuli yenyewe iko kwenye oili.

Tangi la oili liko nje ya injini. Pampu huvuta oili kutoka tangini ikipitia kwenye kipoza, halafu oili iliyokwisha kufanya kazi hurudi tangini ikisukumwa na presha ya gesi zinazopenya kwenye pistoni. Hakuna pampu ya kuirudisha. Maana yake, hosi ya upande wa kuvuta ikiwa na mwanya, hutaona tone hata moja sakafuni: itanyonya hewa, na presha itashuka. Kagua kila klempu ya upande huo kwa mkono na kwa tochi, kisha rudia.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza lazima utoe hewa yote kwenye mfumo wa oili. Unatoa plagi moja kila silinda, unaweka presha ndogo ya hewa kwenye tangi kama kitabu cha Rotax kinavyoelekeza, halafu unazungusha propela kwa mkono, upande wake wa kawaida tu, mpaka geji ya presha ya oili ipande. Tapeti zake, yaani vipande vinavyosukuma valvu, ni za haidroliki (hujazwa oili) na zikibaki na hewa ndani zinaweza kuharibu valvu. Hatua hii usimwachie mtu mwenye haraka.

Kabureta ni mbili, za Bing, kila moja ikilisha silinda mbili. Zisipolingana, injini hutetemeka kwenye mizunguko ya chini na kuipiga giaboksi. Nunua geji mbili za vakyumu uzilinganishe vizuri, kwanza kwenye sailensa (mzunguko wa chini kabisa), kisha juu yake kidogo. Nilichokipenda: springi huvuta kabureta kufunguka, kwa hiyo kebo ya kuongezea nguvu ikikatika, hupotezi nguvu ukiwa angani.

Inakunywa petroli ya kawaida isiyo na risasi, ya oktani RON 95. Avgas, petroli maalumu ya ndege, inaruhusiwa, ila risasi yake huacha masizi na oili itabidi ibadilishwe mapema zaidi.

Lalamiko langu ni mipira. Injini yenyewe imepewa saa 2,000 kabla ya matengenezo makubwa, lakini hosi na mipira mingine hubadilishwa kila miaka 5 hata kama hujaruka. Basi unapopitisha hosi nyuma ya ukuta wa kuzuia moto, acha nafasi ya spana na mkono. Mjenzi wa ndege hii ndiye atakayezifungua tena.

Ukishawasha, iache izunguke mara 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili hivi, kisha mara 2,500 mpaka oili ifike nyuzi 50 za Selsiasi. Ndipo uongeze.