Kupimwa mishipa ya mapafu kabla ya oparesheni ya moyo: nyota nne, ya tano wameipoteza mapokezi

Binti yetu ana miaka minne na tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, tulichelewa kugundua. Mi nilienda nikijua tunapewa tarehe ya oparesheni basi, kumbe kwanza wanataka kujua mishipa ya mapafu imeharibika kiasi gani, nikawaka, maana eko (ultrasaundi ya moyo) tumeshafanya mara mbili sa mnataka nini tena? Dada wa mapokezi akanijibu "ndo utaratibu" akarudi kwenye simu yake. Nyota moja imeishia hapo hapo.

Aliyeokoa jahazi ni daktari wa moyo. Nilimwambia kwa furaha kwamba siku hizi mtoto hahemi sana na vifua vimepungua, akanyamaza kidogo akasema, "Mama, hiyo ndo inayonipa wasiwasi." Yani tundu linamwaga damu nyingi kwenye mapafu kwa presha, ile mishipa midogo inajihami kwa kunenepa kuta, njia inakuwa nyembamba, damu inayofika inapungua na mtoto anatulia, we unashukuru Mungu kumbe hali inaharibika. Ikizidi damu inageuza njia, ile isiyo na oksijeni inapita kwenye tundu kwenda mwilini na midomo inakuwa ya bluu, wanaita Eisenmenger, na ukiziba tundu wakati huo unaweza kumuua maana upande wa kulia wa moyo unakosa pa kupunguzia mzigo. Eko inakadiria presha, lakini presha inaweza kupanda kwa sababu tu damu ni nyingi, wao wanatafuta ukinzani wa mishipa yenyewe, yani inavyoizuia damu kupita.

Kipimo: nusu kaputi, mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa kinenani mpaka kwenye moyo, wanasoma presha na kuchota damu kila chumba wapime oksijeni. Alafu wanamvutisha oksijeni na gesi ya naitriki oksaidi kama dakika kumi, wanapima upya kila kitu waone kama mishipa bado inalegea. Hiyo ya pili ndo iliyoamua mambo yetu. Ukinzani ulikuwa 6.8 kwa hesabu inayozingatia ukubwa wa mwili, na daktari alishaniambia chini ya 4 wanafanya bila hofu sana, juu ya 8 wengi hawagusi, katikati ni kuumiza kichwa. Baada ya gesi ikashuka 3.6. Nililia kwenye korido jamani.

Lawama zangu: majibu nilisomewa tu, karatasi mpaka niliidai, na ndo nikaona matumizi ya oksijeni ya mtoto hawakuyapima, waliyatoa kwenye jedwali, na ukinzani wote unahesabiwa kutokea hapo. Daktari alikiri, akasema ndo maana haangalii namba moja, anaangalia na umri, eko, oksijeni ya kidoleni, picha ya kifua. Sawa, ila mngesema mapema. Na mtoto wa miaka minne kulazwa masaa manne baada ya kipimo bila kukunja mguu, nani alifikiria hiyo bila hata katuni ukutani? Niliimba mpaka sauti ikakauka.

Oparesheni imekubaliwa, kiraka cha kuzibia tundu kitaachwa na katundu kadogo, presha ya mapafu ikipanda ghafla moyo upate pa kupumulia.