Paini "kavu" iliyonipindishia shokesi yangu

Nimetengeneza shokesi ya sebuleni kwa mikono yangu, kuanzia mchoro hadi vanishi, na ni nzuri. Naanza na hilo kwa sababu mwenye duka aliyeniuzia mbao anawaambia watu kwamba tatizo ni mtengenezaji. Tatizo ni paini yake.

Duka lipo hapa Dar, jina naliacha. Niliingia siku za kabla ya masika, nikiwa na karatasi ya vipimo. TV yangu ni ya inchi 43, na kwa kuwa inchi hizo hupimwa kona kwa kona, upana wake unakuja sentimita 95 hivi. Nilitaka shokesi iizidi TV kila upande, king'amuzi kikae katikati, sabufa pembeni, na chini kuwe na makabati mawili yenye milango. Fremu, rafu na milango ya chini iwe paini; ubao wa juu na nyuso za droo, mninga. Nikamkabidhi karatasi. Akaitazama, akaitazama tena, kisha akauliza, "Fundi yuko wapi?"

Nikamwambia fundi ni mimi.

"Basi mama, mlete fundi wako tuongee naye, nisije nikakupa vitu sivyo."

Baba yangu alikuwa seremala Tabora, na randa nilianza kuishika nikiwa mtoto. Sikumweleza hayo, hayamhusu. Nilimwambia nataka paini iliyokauka, ya kukaa ndani ya nyumba. Kwanza akanipeleka kwenye mbao za dawa, zile za kijani, eti hizo hazipindi. Mbao za dawa ni za kuezekea! Dawa yenyewe huingizwa kwenye mti ikiwa imechanganywa na maji, na aina iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Ndiyo nikapige msasa hiyo kwenye nyumba yenye watoto? Nikakataa. Ndipo akanionyesha rundo jingine, limesharandwa, jeupe, linapendeza. Akasema limetoka Mafinga, limekaushwa kwa tanuru, "hata leo ukipaka vanishi, twende." Kwenye risiti akaandika kwa mkono wake: paini kavu. Risiti ninayo.

Kazi ya kutengeneza sitaieleza sana, ingawa ndiyo niliyoipenda. Rafu ya king'amuzi niliiacha wazi kwa mbele kwa sababu mwanga wa rimoti haupenyi mbao, na nyuma sikuziba ili joto litoke. Milango nikaiunga kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Msasa nikaanza na namba 80, nikapanda 120, nikamalizia 240 mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto. Siku tuliyowasha TV juu yake, mume wangu aliita majirani.

Halafu ikaanza. Mlango wa kushoto ukagoma kufunga. Nikalegeza bawaba, nikaikaza upya, ukafunga siku chache, ukagoma tena, safari hii ukiwa umejipinda kona ya juu. Rafu ya kati ikabinuka kingo. Ubao wa inchi 10 wa ubavuni ukapungua karibu robo inchi, ukaachana na mwenzake, na vanishi ikachanika pale pale kwenye muungano. Kila asubuhi nikipita sebuleni nasikia "tak". Ni mbao inapasuka.

Najua mbao mbichi zinavyofanya. Lakini sikutaka kumshtaki mtu kwa kukisia, kwa hiyo nikarudi dukani kimya kimya, nikanunua ubao mmoja kutoka rundo lile lile. Nyumbani nikakata kipande cha katikati, nikakiweka kwenye mizani ya kupimia unga: gramu 310. Nikakitia kwenye oveni, moto mdogo uliozidi kidogo nyuzi 100, nikawa nakipima mpaka uzito ukaacha kushuka: gramu 236. Kilichotoka ni gramu 74 za maji. Gawanya kwa uzito mkavu, unapata asilimia 31.

Asilimia 31! Mbao huanza kusinyaa unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, na ndani ya nyumba zetu za Pwani hutulia kwenye 13 hadi 15. Maana yake mbao zile zilikuwa hazijaanza hata kusinyaa. Kusinyaa kote kumekuja kufanyikia sebuleni kwangu, ndani ya viungo nilivyokwisha kuvitia gundi. Tanuru gani hilo lililozikausha?

Nikaenda na risiti zote mbili, kile kipande, na karatasi ya hesabu. Nilikwenda kwa adabu. Nilimwamkia. Dukani kulikuwa na wateja, wanaume watupu. Nikamweleza tangu mwanzo. Karatasi hakuigusa. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Mama, hizo hesabu za jikoni zirudishe jikoni."

Wakacheka.

Nimejaribu kuandika kuhusu duka hili bila kuitaja kauli hiyo, nimeshindwa. Mtu akiniuzia mbao mbichi kwa kutojua, namwelewa. Mbao hupita mikono mingi kutoka Mafinga mpaka Dar, na huenda naye alidanganywa. Ningekubali hata nusu ya pesa. Ningekubali aniambie tu, "Dada, pole, acha nilichunguze rundo." Alichofanya ni kunifanya kichekesho mbele ya watu kwa sababu nimepima. Na njia hiyo ya kukausha kwa oveni na kupima ndiyo wataalamu wa mbao wanayotumia kuhakiki vipimo vyao. Jiko halibadilishi kugawanya.

Nitakuwa dhalimu nisipoeleza upande wa pili. Kijana wa mashine ya kuranda pale ni fundi hasa. Mninga wangu aliuranda ukatoka unene mmoja mwanzo mpaka mwisho, na mwenyewe aliniambia, "Dada, huu uko sawa, una muda mrefu hapa ndani." Kweli. Ubao wa juu wa mninga haujasogea hata unywele, na sababu haiishii kwenye kukaa ndani muda mrefu, maana mninga kwa asili yake husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi. Droo zinateleza vizuri mpaka leo. Kama ningeandika habari za mninga peke yake, ningewasifu wiki nzima. Siku ile ya kicheko, kijana huyo hakucheka. Aliinama akaendelea na mashine yake.

Kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kuamua kuwapa alama ya katikati. Huduma ya mashine safi, mninga safi, paini mbaya, basi. Lakini jana mlango wa kulia nao umeanza kukwama, na nilipokuwa nimechuchumaa mbele yake na bisibisi nikasikia tena "zirudishe jikoni", nikajua alama ya katikati itakuwa uongo. Bei yake si ndogo, mbao anaziita kavu kwa maandishi, na mteja akija na ushahidi anatukanwa.

Ukihitaji mninga, sitakuzuia kwenda. Paini ya pale usinunue mpaka akubali kukukatia kipande ukakipime mwenyewe. Akikataa kukata, ondoka. Milango mipya nitaiunda kwa paini niliyoipata kwingine, ambayo kwa sasa nimeipanga kivulini barazani, vijiti katikati ya kila ubao ili hewa ipite, na sitaigusa mpaka mizani iseme tayari.

Pesa ya paini ile bado naidai.