Nilivyoacha kugawa funguo za AWS kwa WhatsApp

Zamani mtu mpya akija kazini kwetu, nilikuwa naingia akaunti zetu za AWS (huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta mtandaoni) moja moja, namfungulia jina na nenosiri, kisha funguo zake, yaani herufi za siri ambazo programu hutumia kuingia, namtumia WhatsApp. Ndiyo, WhatsApp. Akaunti tano, watu tisa, majina 45 ya kulinda, na anayeondoka sharti umfute mara tano. Siku moja nikakuta ufunguo wa kijana aliyekwisha kuacha kazi miezi mitano nyuma, ule unaoanza na AKIA, bado uko hai kwenye prodakshini, yaani mfumo wenyewe unaotumiwa na wateja. Tarehe ya mwisho kutumika ilikuwa siku yake ya kuaga. Nikashusha pumzi, kisha nikaona haya, maana mfutaji nilikuwa mimi.

Ndipo nikahamia IAM Identity Center, huduma ya AWS ya kusimamia nani anaingia wapi, ile iliyoitwa AWS SSO hadi 2022. Haina malipo ya ziada, ila akaunti zako ziwe chini ya AWS Organizations, inayoziunganisha kuwa shirika moja lenye akaunti kuu. Kila mtu ana jina moja na ukurasa mmoja wa kuingilia, na humo anaona akaunti alizopewa tu. Ruhusa nimezifunga mafurushi matatu: la kusoma, la madevelopa na la msimamizi. Furushi nalikabidhi kundi zima, kwa hiyo mgeni namtia kwenye kundi, basi. Kwenye tamino, lile dirisha la kuandikia amri, anaandika aws sso login, anathibitisha kwenye kivinjari, anapata funguo za muda zinazokufa zenyewe.

Muda huo ndio uliotugombanisha. Chaguo-msingi ni saa 1, na unaweza kuongeza hadi 12. Madevelopa walitaka 12 kila mahali, eti wamechoka kuthibitisha. Nikawapa 8 kwenye akaunti za majaribio, prodakshini ikabaki 1. Sikuwa mkaidi bure: ukimwondoa mtu wakati ameshapewa funguo za muda, zinaendelea kufanya kazi mpaka saa zake ziishe, isipokuwa uwahi kuweka sera ya kukataa. Msimamizi mwenye saa 12 aliyefukuzwa asubuhi ana siku nzima ya kukufanyia atakalo.

Akaunti kuu ya shirika msiiwekee kazi yoyote. Sera za udhibiti unazoshusha kutoka juu, SCP, haziigusi yenyewe. Nenosiri la ruti, yule mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, nimelitia kwenye bahasha kasikini, kifaa chake cha uthibitisho wa hatua mbili kiko kwa mhasibu, ambaye hadi leo anadhani ni flashi.

Kujifunza kulinichukua wikendi mbili, muda mwingi ukiishia kwenye kusoma sera za ruhusa zilizoandikwa kwa JSON (mtindo wa kupanga data kwa mabano na koma), ambazo koma moja inakulaza macho.

Ufunguo wa kudumu umebaki mmoja. Ni wa skripti ya kunakili data kwenye seva ya zamani ya mteja, isiyojua funguo za muda. Naubadilisha kwa mkono kila siku 90, na kengele yake kwenye simu nimeipa jina la yule kijana.