Nyota mbili: cha 1, cha 2, cha 3, halafu cha 6

Nishanunua vitabu tisa humu kwenye hii app ya vitabu vya simu kwa hivyo msinambie naropokwa tu. App yenyewe nyepesi, haili data, ukishadaunilodi wasoma hata bila intaneti, na mimi husoma jioni nikingojea feri Likoni, mara nyengine foleni mpaka saa nzima, kwa hilo mashallah sina neno.

Balaa ni hizi sirizi. Kuna moja ya upelelezi, vitabu 14, vya kwanza vimeandikwa miaka ya 80. Cha kwanza kilikuwa ofa sh 150 nikakichukua, cha pili na cha tatu nikalipa bei kamili kwa M-Pesa tena bila kujuta. Sasa cha tatu chaisha yule mpelelezi kapigwa risasi mlangoni kwake, nani kampiga hujui, nakimbilia cha nne, hakuna. Cha tano, hakuna. Cha sita kipo, nafungua zile kurasa za bure, bwana keshaoa!! Kamuoa nani, lini, na sisi tulialikwa hiyo arusi?

Nikawaandikia, wakanijibu kesho yake "hakipatikani katika eneo lako". Ndugu yangu yuko Marekani nikamwambia hebu nitazamie, cha nne akakiona, cha tano hata kwake hakuna. Nikakaa nikafuatilia, kumbe ni mambo mawili tofauti. Haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa nchi, na sisi mara nyingi twatiwa fungu moja na Uingereza, kwa hivyo mchapishaji wa Uingereza asipokitoa yule wa Marekani hana ruhusa kutuuzia. Halafu vitabu vya zamani mikataba yake iliandikwa hata e-book, yani hivi vitabu vya kusoma kwa simu, hazijulikani. Mwaka 2001 Random House, wachapishaji wakubwa, waliwashtaki RosettaBooks, wauza e-book, kule New York kwa vitabu 8 vya aina hiyo, jaji akakataa kuwazuia, akasema mkataba wa kuchapa kitabu haumaanishi na e-book imo. Yani hapo mpaka mwandishi mwenyewe au warithi wake wakubaliane upya na mtu, na kama alihama wachapishaji katikati ya sirizi ndo kabisa, kila kitabu kina mwenyewe.

Haya, kukosa si kosa la app. Lakini kwa nini hamsemi? Vitabu vyapangwa vile mlivyo navyo tu, namba hakuna, jalada latabasamu, mtu atajuaje katikati pana shimo? Andikeni tu "cha 4 na cha 5 hatuna" kabla hamjala pesa zangu. Na kurudishiwa msahau, eti nshafungua.

Nikaenda kwa mzee mmoja auza vitabu vya mtumba mjini. "Shikamoo mzee, una cha nne?" "Marahaba mwanangu. Cha nne kachukua mtu juzi, akimaliza atarudisha. Cha tano hiki hapa." Cha tano!! Kile ambacho hata Marekani hakipatikani, sh 100, chanuka mafuta ya nazi. Namlipa, ananishika mkono, "lakini usikifungue mwanangu, ukurasa wa kwanza tu washamtaja aliyempiga."

Kiko juu ya friji wiki ya pili hii, nakipita tu.