Uzoefu wangu: matembezi ya kila siku Puerto Vallarta, Meksiko

Mgeni anayekwenda likizo Puerto Vallarta, mji wa pwani ya Pasifiki katika jimbo la Jalisco, asiwe na haraka ya kulipia ziara za basi zinazouzwa kwenye mapokezi ya hoteli. Kilicho bora kabisa katika mji huu hakina kiingilio, nacho ni kutembea kwa miguu bila pupa, asubuhi na jioni, kwenye Malecón na katika mitaa inayopanda mlimani nyuma yake.

Malecón ni njia ya waendao kwa miguu, yenye urefu wa takriban kilomita moja, inayofuata ukingo wa ghuba ya Banderas. Milima ya Sierra Madre iko mashariki mwa mji, kwa hiyo jua huchelewa kuifikia njia hii asubuhi, na kwa muda mzuri mtu hutembea kivulini huku maji ya ghuba yakiwa yameshaanza kung'aa. Saa hizo ndizo nilizozipenda zaidi. Jioni watu husifu machweo, na kweli jua huzama upande wa bahari, jambo geni kwetu tuliozoea kuliona likichomoza huko; lakini jioni hiyohiyo njia hujaa, muziki wa mikahawa hugongana, na mawakala wa nyumba za likizo hukusimamisha kila hatua chache wakikuahidi kifungua kinywa cha bure endapo utakubali kusikiliza maelezo yao. Kataa kwa upole, uendelee na safari yako.

Sanamu za shaba zilizopangwa kando ya njia zinastahili kuangaliwa moja moja. Ya mtoto aliyempanda farasi wa baharini, kazi ya Rafael Zamarripa ya mwaka 1976, ndiyo nembo ya mji, lakini mimi nilivutiwa zaidi na ile ya Sergio Bustamante, ambayo watu wake wanapanda ngazi isiyoegemea popote. Karibu na hapo wanaume hujining'iniza kwa kamba, vichwa chini, wakizunguka mlingoti mrefu hadi watue. Ni ibada ya kale inayohusishwa na Papantla, mji ulio mashariki mwa Meksiko, na UNESCO iliitambua mwaka 2009. Watazamaji huombwa mchango, na kutoa ni haki.

Kinywaji cha kutafuta ni tuba, utomvu wa mnazi unaouzwa na watu wanaobeba kibuyu kikubwa, wakiutia vipande vya tofaa na njugu. Ufundi wa kuugema uliletwa na Wafilipino waliokuja kwa merikebu za Manila enzi za utawala wa Hispania. Mtu wa Tanga au Kilifi atautambua mara moja kuwa ni ndugu wa tembo letu, ingawa huu hunywewa mtamu, kabla haujachachuka.

Kusini mwa Malecón, baada ya kuvuka daraja la mto Cuale, ambao una kisiwa chenye miti mikubwa na vibanda vya bidhaa za mikono, unafika ufukwe wa Los Muertos na gati lake. Hapo huuzwa samaki waliochomwa kwenye vijiti, wakikamuliwa ndimu na kutiwa pilipili, na sikuona sababu ya kwenda kula mkahawani.

Mitaa ya juu, kuelekea mnara wa Cerro de la Cruz, imetandikwa mawe ya mviringo na ina ngazi zenye mwinuko mkali. Kandambili hazifai kabisa huko, na mwenye maumivu ya magoti atosheke na njia ya chini, ambayo ni tambarare. Kuhusu majira, mvua na fukuto hutawala kuanzia Juni hadi Oktoba; kati ya Desemba na Machi hewa ni nyepesi zaidi, na nyangumi wenye nundu huwa wamo ghubani, hivyo ukienda miezi hiyo chukua darubini.