foobar2000 kwa muziki wa gemu: uzoefu wangu wa kupanga na kuchagua vibao bora

Kwa kazi ya kupanga muziki wa gemu na kuchagua ulio bora, sijaona programu ya kupigia muziki kwenye Windows inayoizidi foobar2000. Ni ya bure, ni nyepesi hata kwenye kompyuta kuukuu, na haina matangazo. Ila ukiifungua kama ilivyo utakuta dirisha kavu lisilovutia, tena halisomi mafaili ya muziki wa gemu za zamani kama NSF na SPC. Nguvu yake imo kwenye plagini (viongezo vya programu) na kwenye tagi, yaani maelezo ya wimbo, utakazoandika mwenyewe, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakarudi kwenye folda zao za nyimbo zisizo na majina, "Track 07".

Plagini ninazotumia ni tatu. Game Emu Player inasoma mafaili ya mashine za zamani: NSF ya NES, SPC ya Super Nintendo, GBS ya Game Boy, VGM na VGZ za Mega Drive na nyinginezo. vgmstream inasoma mafaili yanayotoka kwenye diski za gemu za baadaye, kama ADX na BRSTM. Playback Statistics inakupa nyota 1 hadi 5 na hesabu ya mara ngapi kila wimbo umepigwa. Shusha, bofya mara mbili, kubali, programu ijiwashe upya. Angalia jambo moja: ukiweka foobar2000 ya biti 64, plagini ya biti 32 haitafunguka humo, hata ujaribu mara kumi.

Sasa mafaili yenyewe, maana hapa hayafanani na MP3. SPC ni picha ya kumbukumbu ya sauti ya Super Nintendo, KB 64 hivi, wimbo mmoja kwa faili. Ndani yake mna nafasi ya jina la wimbo, jina la gemu, mtunzi, sekunde za kupiga na muda wa kufifia, kwa hiyo ukipata seti iliyoandaliwa vizuri kazi yako ni ndogo. VGM nayo inabeba majina na mahali lupu, yaani sehemu inayorudiwa, inapoanzia. Mkorofi ni NSF. Faili moja linabeba gemu nzima, lakini sehemu yake ya mwanzo ya maelezo ina nafasi ya jina la gemu, mtunzi na hakimiliki tu. Nyimbo ni namba tupu, muda haupo, na mara nyingi milio ya risasi na sarafu imechanganywa humohumo na nyimbo. Ukipata toleo la NSFe chukua hilo, kwa sababu linaweza kubeba jina na muda wa kila wimbo.

Usipolipata, hesabu muda mwenyewe. Sikiliza mpaka wimbo urudi ulikoanzia. Tuseme utangulizi ni sekunde 6 na lupu ni sekunde 48: 6 jumlisha 48 mara mbili ni 102, ongeza sekunde 8 za kufifia, unapata 110, yaani 1:50. Weka muda huo kwenye mipangilio ya plagini kabla ya kugeuza wimbo kuwa FLAC, faili la kawaida la sauti lisilopoteza ubora. Ukiacha muda mmoja wa jumla kwa nyimbo zote, nyingine zitakatwa katikati ya kiitikio na nyingine zitazunguka mpaka zikuchoshe, halafu utazinyima nyota kwa kosa lisilo lao. Kwa vgmstream hakuna shida hiyo, kwani lupu imeandikwa ndani ya faili na kawaida yake ni kupiga mara 2 kisha kufifia kwa sekunde 10.

Kwa nini nigeuze kuwa FLAC? Kwa sababu NSF haina pa kuandikia tagi ya kila wimbo, na bila tagi hakuna kupanga. Wakati wa kugeuza, jina la faili lipangwe hivi, yaani albamu, namba, kisha jina la wimbo: %album%/%tracknumber% %title%. Usiache %tracknumber%. Nyimbo zote za NSF moja huonekana na jina lilelile, na bila namba mafaili yatagongana majina.

Baada ya hapo ndipo upangaji wenyewe unaanza. Kupanga kwa jina la gemu au mashine kunasaidia kutafuta, hakusaidii kuchagua. Wimbo wa bosi (adui mkuu) na wimbo wa mjini havishindanishwi, kama usivyoshindanisha ngoma ya harusi na wimbo wa kubembelezea mtoto. Mimi huongeza tagi yangu, KAZI: chagua nyimbo, bonyeza Alt+Enter, ongeza uga mpya, kisha uandike wimbo unafanya nini ndani ya gemu. Maneno yangu ni menyu, ramani, mji, hatua, pigano, bosi, huzuni, mwisho. Manane yanatosha. Ukifika ishirini utaanza kubishana na nafsi yako kama pango ni hatua au ni ramani. Ukiandika maneno mawili yakitenganishwa kwa nukta mkato, programu inayahesabu kama thamani mbili, na wimbo unaonekana pande zote mbili. Ukitaka kuona zilizosahaulika, tafuta: kazi MISSING.

Vipande vifupi vya ushindi au kufungua sanduku viweke kando kwa kutafuta vilivyo chini ya sekunde 20: %length_seconds% LESS 20. Vikibaki na nyimbo kamili vitaharibu kila plelisti.

Watunzi wanahitaji uangalifu. Gemu nyingi zina zaidi ya mmoja. Muziki wa Chrono Trigger wa 1995 hutajwa kuwa wa Yasunori Mitsuda, lakini Nobuo Uematsu naye ana vibao vyake humo. Donkey Kong Country ya 1994 hupewa David Wise peke yake, wakati Eveline Fischer na Robin Beanland nao walitunga. Ukimwandika mtu mmoja kwa gemu nzima, orodha yako ya watunzi bora itakuwa ya uongo.

Sauti isawazishwe kabla ya nyota, nalisema hili kwa mkazo. Sikio hupendelea wimbo uliopaa, na tofauti ya desibeli 3 tu inatosha kukudanganya. Chagua nyimbo zote, bofya kulia, nenda ReplayGain (kipimo cha kusawazisha ukubwa wa sauti), pima kila faili peke yake. Kisha kwenye mipangilio ya upigaji chagua hali ya wimbo mmojammoja, pamoja na kuzuia sauti isipasuke. Unaposikiliza gemu nzima kwa starehe, rudi kwenye hali ya albamu, maana wimbo wa huzuni uliwekwa chini kwa makusudi.

Nyota nazo zina mtego. Playback Statistics haiziandiki ndani ya faili. Inazitunza kwenye hifadhidata yake ikizifungamanisha na msanii, albamu, diski, namba na jina la wimbo. Kwa hiyo ukibadilisha tagi kwa programu nyingine, nyota zinapotea machoni. Na ukiwa na wimbo wa asili wa chipu ya sauti ya mashine pamoja na toleo lililorekodiwa upya, tagi zikifanana kabisa, ukiupa mmoja nyota 5 na wa pili unazipata bila jasho. Ongeza neno "chipu" au "okestra" kwenye jina la albamu, yamekwisha.

Kuchagua kwenyewe nakufanya wawiliwawili ndani ya KAZI moja, kila wimbo ukizunguka mara tatu. Mzunguko wa kwanza unasikia melodi, wa pili unasikia besi na ngoma, wa tatu unajua kama unakera. Muziki wa gemu umetungwa kurudiwa, na kibao kinachochosha kwenye mzunguko wa tatu hakipati zaidi ya nyota 3 kwangu hata kiwe maarufu vipi. Sikiliza pia pale mwisho unapokutana na mwanzo: mshono ukisikika, punguza. Zilizoshinda nazitoa kwa plelisti inayojijaza yenyewe, mfano za bosi zenye nyota zaidi ya 3: kazi IS bosi AND %rating% GREATER 3.

Gemu mpya zina ugumu wake, muziki wa tabaka. Faili moja la BRSTM linaweza kuwa na chaneli 4 au 6, jozi moja ya hali tulivu na nyingine ya hatari, na zikipigwa pamoja utasikia vurugu. vgmstream inakubali faili dogo la maandishi la TXTP linalochagua chaneli unazotaka. Tengeneza moja kwa kila tabaka na uzipe KAZI tofauti.

Mfano wa karibu nasi ni "Baba Yetu" ya Christopher Tin. Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na ndiyo inayopigwa kwenye menyu ya Civilization IV ya 2005. Toleo la albamu yake ya 2009, Calling All Dawns, ndilo lililompa Grammy mwaka 2011, ya kwanza kwa muziki uliotoka kwenye gemu. Yawe maingizo mawili: la 2005 KAZI ni menyu, la 2009 liwe na neno "okestra" kwenye jina la albamu. Nimeongeza na uga wa LUGHA kwa ajili yake, ingawa humo Kiswahili hakina jirani wengi.

foobar2000 yenyewe naipa nyota 4. Hiyo moja nimeizuia kwa sababu plagini hizi hazifanyi kazi kwenye toleo la simu, kwa hiyo huko utabeba FLAC tu. Na kabla hujafomati kompyuta, chagua nyimbo zote na uamuru takwimu ziandikwe kwenye tagi za mafaili. Kwa nyimbo elfu moja ni kazi ya dakika chache.