Oili ya pikipiki: ipi uchukue kwanza, ipi uiache rafuni

Kabla ya kulipia kopo la oili, ligeuze. Mbele kuna picha ya pikipiki inayokimbia na maneno makubwa makubwa. Nyuma, kwa maandishi madogo, tafuta kisanduku kilichoandikwa JASO, yaani kiwango cha Kijapani, na chini yake herufi MA, MA1, MA2 au MB. Kwa pikipiki ya gia, herufi hizo natazama kabla ya chapa, kabla ya bei, na hata kabla ya kuuliza kama oili ni ya madini (iliyosafishwa kutoka mafuta ghafi) au sinthetiki (iliyoundwa kiwandani).

Sababu iko ndani ya injini. Gari lina oili yake ya injini na nyingine ya gia. Pikipiki nyingi za mipigo minne zina oili moja tu inayohudumia pistoni, gia na klachi, na sahani za klachi zimezama humo humo. Sasa, oili nyingi za gari, hasa nyepesi kama 5W-20 na 5W-30, zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Ukiipunguzia, unavuta resi, injini inalia, mwendo hauongezeki, na ukiwa na mzigo mlimani ndiyo kabisa. Wajapani waliweka kiwango cha JASO T 903 mwaka 1998 kwa ajili ya tatizo hili, na mwaka 2006 wakaongeza madaraja ya MA1 na MA2. MA2 ndiyo yenye msuguano mkubwa zaidi, kwa hiyo ndiyo inayoishika klachi vizuri zaidi. MB ina msuguano mdogo, nayo inafaa skuta nyingi za mkanda, ambazo klachi yake ni kavu.

Nikipanga kwa ajili ya pikipiki ya kazi ya kila siku, ya cc 100 hadi 200, inayopozwa na upepo, ninaweka hivi.

Ya kwanza: nusu sinthetiki yenye MA2. Injini inayopozwa na upepo hupata joto kali kwenye foleni, na gia nazo zinaikata oili. Meno yake husaga polima, yaani viambato vinavyoipa oili uzito (unene wake inapotiririka) ikiwa ya moto, na ndiyo maana oili iliyoingia nzito hutoka nyepesi. Nusu sinthetiki huvumilia joto kuliko ya madini, na haikufanyi uione ghali kiasi cha kuchelewa kuibadilisha.

Ya pili, na haiko mbali: oili ya madini yenye MA au MA2. Nasisitiza hili kwa sababu watu huidharau bure. Injini nyingi ndogo hazina filta ya karatasi. Zina chujio la waya tu, na baadhi zina kikombe kinachozunguka na kunasa uchafu. Vumbi laini la chuma linabaki linazunguka na oili. Kwa injini kama hiyo, oili ya madini inayomwagwa kwa wakati inaishinda sinthetiki ya bei kubwa iliyoachwa mpaka ikawa nyeusi tititi. Kama bajeti yako ni ndogo, chukua hii bila wasiwasi na ufupishe muda wa kubadilisha.

Ya tatu: sinthetiki kamili. Ni oili bora kuliko zote nilizotaja, lakini kwa pikipiki ndogo sehemu ya ubora huo utailipia bila kuitumia. Injini kubwa inayopozwa na maji na kuzunguka kwa kasi ni habari nyingine. Huko naipandisha iwe ya kwanza.

Ya nne: oili ya gari au ya dizeli isiyo na JASO. Umekwama na oili imepungua? Itakufikisha, mradi uzito wake ulingane na ule wa kitabu cha pikipiki na nembo ya API (taasisi ya petroli ya Marekani) kwenye kopo isiwe na maneno “Resource Conserving”. Ukifika, panga kuibadilisha.

Ya mwisho ni oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na lebo. Hujui daraja lake, hujui uzito wake, na hujui kama imewahi kuingia injini nyingine. Usiinunue. Kopo ambalo muhuri wake umelegea nalo lirudishe papo hapo.

Kuhusu uzito, kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Katika 10W-40, namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi na ya pili uzito wake ikifika nyuzi 100 za Selsiasi. Mtu akikuambia 20W-50 inalinda zaidi kwa kuwa ni nzito, muulize kitabu kinasemaje. Honda nyingi zimetengenezewa 10W-30, na oili nzito hupanda polepole asubuhi wakati injini inaihitaji haraka.

Nunua pia washa mpya (pete ya kuziba) ya bolti ya kumwagia oili, na filta kama pikipiki yako inayo. Zile chupa ndogo za dawa ya kuchanganya na oili ziache, kwani nyingi zinarudisha vilevile viambato vya kupunguza msuguano ambavyo MA2 inaviepuka.

Kiasi cha kununua nacho kina mtego. Kitabu huweza kutaja viwango viwili au vitatu: cha kumwaga tu, cha kubadilisha pamoja na filta, na cha injini iliyofunguliwa yote. Kwa servisi ya nyumbani tumia kile cha kumwaga, au cha filta ukiibadilisha. Ukijaza kile kikubwa, oili itazidi, na ya ziada inaweza kusukumwa hadi kwenye kisanduku cha filta ya hewa.